Saa Moja Huanzia Wapi?

Mshale mfupi wa saa ukifika kwenye 7 asubuhi, sisi husema ni saa moja. Mgeni hutushangaa. Lakini hatuusomi mshale, twalisoma jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Likichomoza, twaanza kuhesabu. Mtu wa London hawezi kufanya hivyo: mwezi Juni jua lao huchomoza kabla ya saa kumi na moja, na Desemba hungoja hata saa mbili ipite.

Nilipata kumwandikia mgeni, aliyekwisha kujifunza Kiswahili, kwamba tuonane saa nane. Akaja saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi muda wa saa sita. Je, nilimdanganya? Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Wako watakaosema kuwa mgeni ndiye ajifunze. Siwaafiki. Mimi ndiye niliyejua kuwa pana hesabu mbili, na yeye alijua moja tu. Wajibu wa kusema ulikuwa wangu.

Na sisi kwa sisi je? Wazee wakitaja usiku wa Ijumaa, humaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kwani kwao siku mpya huingia jua linapotua. Mzee mmoja alinialika harusini usiku huo. Nikaenda Ijumaa baada ya magharibi, nimevaa kanzu mpya, nikawakuta vijana wakirudisha sufuria za watu.