Bart ana miaka kumi tangu 1989

Kuna swali ambalo sisi wapenzi wa The Simpsons hatupendi kuulizwa: kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na watoto wake, acheke baba anapomkaba mwanawe shingo?

Katuni hii ya Matt Groening ilianza kurushwa kama kipindi kamili huko Marekani Desemba 1989, na bado inaendelea. Bart alikuwa na miaka kumi wakati ule. Mpaka leo anayo kumi. Baba yake, Homer, ni mnywaji, mvivu na mlafi, na kwa miaka mingi kijana akimuudhi tu, mikono ilienda shingoni. Macho yanamtoka mtoto, ulimi unaning'inia, na sisi hatuna mbavu. Kipindi kijacho wote wako kwenye sofa, hakuna hata alama.

Msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Tanzania Bara tulipata televisheni mwaka 1994, lakini katuni za kuchekesha watu wazima tayari tulikuwa nazo kwenye karatasi. Sani lilikuwa na Madenge, mtoto mtundu ambaye visa vyake haviishi na utoto wake hauishi. Abunuwasi naye hazeeki. Na ni lazima iwe hivyo, maana mhusika wa kuchekesha akianza kuzeeka anaanza kudaiwa: alimtendea nani nini, na alilipaje. Asiyezeeka hana deni. Utamu wa vichekesho hivi uko hapo, na sumu yake pia.

Tuanze na utamu. Kwetu Kimwani, huku Muleba, baba hachekwi. Akiingia ndani sauti zinashuka. Sasa mtu aliyekulia nyumba ya namna hiyo akimwona Homer anamtetemekea bosi wake, Bwana Burns, halafu akifika nyumbani anajifanya simba, kuna kitu kinafunguka. Unaona kwamba ukali wa mzee haukushuka kutoka mbinguni, yaani nao una mahali ulikoanzia. Kicheko kinamshusha mwenye nguvu bila kumtukana. Hilo hata kikao cha ukoo mara nyingi hakiliwezi.

Sumu ni kwamba shingo ya Bart ni ya wino. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimekaa na watoto ambao shingo zao si za wino. Wao wanakua, na kumbukumbu zinakua nao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ukatili, lakini imeacha nafasi ya adhabu ya kiasi. Kiasi hicho nyumbani anakipima nani? Mwenye fimbo. Ukimuuliza atakujibu, "Mbona sisi tulipigwa na tumekuwa watu?" Jibu hilo ndilo katuni yenyewe: linaruka kutoka kipigo hadi kwenye sofa, na yote yaliyotokea katikati limeyafuta.

Basi tuache kutazama? Hapana, mimi naendelea. Mwaka 2023, katika kipindi kimoja, Homer aligusia kwa utani kwamba siku hizi hamkabi tena mwanawe, nyakati zimebadilika. Sentensi moja tu, na mjadala ukazuka. Kwangu kilichovutia ni kuona mtu wa kuchorwa, asiyeweza kuongeza hata mwaka mmoja, akikiri walau kwa mdomo kwamba dunia imesogea. Sisi tunaoota mvi tunashindwa nini?

Kipimo changu ni rahisi: kicheko kimemwangukia nani? Kikiangukia upumbavu wa Homer, cheka mpaka uchoke. Kikiangukia yale macho yanayomtoka mtoto, jiulize umejifunzia wapi kucheka hapo. Na kama kuna mtoto amekaa pembeni yako, mtazame. Kama yeye hacheki, huenda kuna jambo analijua.