Mlezi Anyamaze Mpaka Lini?

Jumamosi iliyopita, kwa mafunzo ya viongozi wa ushirika wa nyumbani, dada mmoja aliniuliza: "Pasta, ukiona ninakosea, utaniambia ama utaniacha nijionee?" Nikacheka, nikasema tutaliombea hilo. Kusema kweli nilikuwa nakwepa.

Mimi nilifundishwa uongozi mara mbili. Kwanza chuoni, digrii ya biashara, malengo na bajeti. Halafu nikafundishwa na mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa mpunga hapa Mwea, na huyo ndiye aliyeninoa. Ukimpelekea shida, anakupa chai, anakuuliza, "Wewe umeona nini?" kisha anakurudisha kwa shida yako.

Nilipokuwa kiongozi wa vijana, kabla Bwawa la Thiba halijakamilika mwaka wa 2022, tulikodi ekari moja tulime pishori, pesa zinunue vyombo vya muziki. Mpango niliuandika mwenyewe, kurasa sita! Mzee aliusoma wote, akauliza, "Maji umeyatembelea?" Nikamwambia mfereji upo, nimeuona. Akanyamaza. Kumbe shamba lile lilikuwa mwisho wa mfereji, na maji wakati huo yalikuwa ya zamu. Zamu yetu ilipofika, kilichotufikia hakikulowesha hata nusu ya shamba. Miche ikakauka tukiangalia. Na pesa zile zilikuwa za vijana, wengine walizipata kwa vibarua vya kupalilia na kufukuza ndege.

Nilimwendea na hasira. "Mzee, ulijua!" Akasema, "Nilikuuliza."

Miaka yote hii nimesimulia kisa hicho nikimsifu. Tangu siku hiyo sijapitisha mpango bila kwenda kuona kwa miguu yangu. Hata viongozi ninaowalea nimekuwa nikiwauliza maswali tu, nikijiona nina hekima. Lakini swali la yule dada limenirudisha shambani. Somo nililipata mimi, waliolilipia ni wengine. Msichana aliyetoa pesa zake zote za kibarua hakufundishwa kitu. Alipoteza tu.

Someni 1 Samweli 3. Tunampenda Eli wa usiku ule. Mtoto anamkimbilia mara tatu, Eli anatambua ni nani anayeita, anamrudisha alale na kumwonyesha namna ya kuitikia. Haendi kusikiliza kwa niaba yake. Na ujumbe wenyewe ni hukumu juu ya nyumba ya Eli! Asubuhi bado anamwambia kijana asimfiche neno. Ni walezi wangapi wanaweza hilo? Mimi sijui kama naweza.

Lakini rudini nyuma mlango mmoja. Wana wa Eli walikuwa wakiwaonea watu waliokuja kutoa sadaka. Eli aliwasemesha, hakuwazuia. Kuwasemesha hakukuhesabiwa kuwa kutosha.

Kwa hivyo sasa, kama mtu aliyesomea biashara, nauliza: hili kosa likitokea, nani atalipa? Kama ni yule ninayemlea, kwa aibu yake au usiku wake bila usingizi, nitamwacha ajifunze. Kama ni watu walio chini yake, nitasema waziwazi hata akinikasirikia. Najua mtaniambia karibu kila kosa la kiongozi huwaangukia wengine. Ni kweli, na sina kipimo cha kila jambo. Lakini pesa za watu na watoto wa watu, hapo sitauliza maswali ya hekima tena. Yule dada nimempigia simu nikamwambia hivyo.

Jumatatu nilipita kwa mzee. Nikamuuliza kama angeweza kurudi nyuma, je, angeniambia? Akakaa kimya kirefu, akazungusha kikombe chake.

"Wale vijana," akasema, "uliwahi kuwarudishia?"

Sikuwa nimewarudishia.