Nimesema uongo gani, Ustadh?

Ndugu msomaji, tumezoea kuwafundisha watoto wetu madrasa kwamba uongo ni kusema jambo ambalo halipo. Mafunzo hayo ni sahihi, lakini nimegundua kuwa hayatoshi. Mtu anaweza kusema kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na bado akawa amemdhulumu mwenzake. Jambo hili sikulipata kitabuni. Nilifundishwa na gari.

Mwaka 2023, mzee mmoja wa msikitini kwetu hapa Dar es Salaam alipokea kiinua mgongo chake. Ni mtumishi mstaafu, mtu wa safu ya mbele, na maisha yake yote alikuwa akipanda daladala. Akaniambia, "Ustadh, wewe ni msomi, umefika chuo kikuu. Nisindikize nikanunue gari dogo la kunipeleka hospitali na shamba." Nilikubali. Tulikwenda katika yadi moja ya magari, na bahati ikatukutanisha na muuzaji ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu wa darasa la jioni. Akanipokea kwa heshima, akampa mzee shikamoo, akatuonyesha gari la haibridi, yaani lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Lilitengenezwa Japani mwaka 2011. Bei, milioni 17 na nusu.

Kijana alizungumza vizuri sana. Akataja jinsi gari linavyojichaji lenyewe kila dereva anapokanyaga breki, jinsi linavyonusa tu mafuta kwenye foleni, na vitufe vya usukani. Kisha akasema neno ambalo nataka ulikumbuke: "Na betri yake kubwa ni orijino, mzee, haijawahi kuguswa tangu kiwandani." Mzee akanigeukia. Mimi, msomi, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Wallahi sikuwa naelewa kitu.

Tulipokubaliana bei ikaja karatasi. Ada ya ofisi, 250,000. Kodi na nyaraka, 400,000. Kifaa cha kufuatilia gari likiibwa, wanachokiita GPS, 250,000. Vitambaa vipya vya viti, 180,000. Kuandika namba ya gari kwenye vioo na taa, 70,000. Jumla, 1,150,000 juu ya bei. Mzee akanitazama tena, nami nikaona aibu kumuuliza mwanafunzi wangu maswali ya shilingi. Nikasema, "Ndiyo taratibu zao." Mzee akalipa.

Wakati wa kurudi tukagundua redio haishiki stesheni zetu nyingi, kwa kuwa redio za magari ya Japani huanzia masafa ya 76 na nyingi huishia 90, na stesheni nyingi za Dar zipo juu ya hapo. Hilo tulilicheka. Miezi mitano baadaye hatukucheka. Taa nyekundu iliwaka, gari likasimama barabarani. Fundi alituambia kwamba betri kubwa imekufa, na kuibadilisha ni zaidi ya milioni mbili. Akatuonyesha na jambo jingine: pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye feni, ambalo ndilo linaloipoza betri ile. Vitambaa vipya vya viti, vile vya 180,000, vilikuwa vimeliziba. Alisema betri ilikuwa imechoka kwa umri, na joto likaimalizia.

Nilikwenda kwa yule kijana nikiwa na hasira. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu: "Nimesema uongo gani, Ustadh? Nilisema betri ni orijino, na ilikuwa orijino. Karatasi mliiona. Bei mliikubali. Mbona Mtume (s.a.w.) hakuweka kikomo cha faida?"

Nilikosa jibu. Nimekaa na swali hilo muda mrefu, na leo nataka kulijibu mbele yenu, maana naamini si swali la yadi moja tu.

Kwanza tumpe haki yake. Ni kweli faida haina kikomo kilichowekwa. Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Hiyo ni faida ya mara mbili, na Mtume (s.a.w.) alimuombea baraka katika biashara yake. Hadithi hii ipo kwa Bukhari. Ni kweli pia kwamba katika mauzo ya kawaida ya kupatana, ambayo mafakihi huyaita musawama, muuzaji halazimiki kutaja alinunua kwa kiasi gani. Kwa hiyo anayesema kila mwenye yadi anayepata faida nono ni mwizi, huyo hajaisoma fiq'hi.

Lakini tazama mambo matatu. La kwanza ni habari ya muuza nafaka katika soko la Madina, iliyopokewa na Muslim. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akaonywa kuwa mwenye kughushi hayumo miongoni mwetu. Je, mtu yule alisema uongo gani? Hakusema kitu. Alipanga tu, kikavu juu na kibichi chini. Lawama ilikuwa katika mpangilio.

La pili ni kukatazwa kumfunga mnyama chuchu siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae. Maziwa yale ni ya kweli, wala hayakutiwa maji. Lakini mnunuzi anaona kiwele na anaelewa jambo ambalo halipo, kwamba kila siku mnyama huyu hutoa kiasi kile. Sheria ikampa haki ya kumrudisha. La tatu ni kukatazwa kuwalaki wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajajua bei ya soko. Hapo hakuna kasoro wala neno la uongo, na mwenye mali ameuza kwa hiari yake. Pamoja na hayo, akifika sokoni na kuona amepunjwa, ana hiari ya kuuvunja mkataba.

Ukiyaweka matatu haya pamoja unapata msingi mmoja. Sheria haiishii kwenye kinywa cha muuzaji, inakwenda hadi kwenye akili ya mnunuzi kuangalia ameelewa nini. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah (s.w.) ameharamisha kuliana mali kwa batili, akaruhusu biashara ya kuridhiana. Na mtu anaridhia kile anachokijua. Mzee wetu alipotikisa kichwa kwenye neno "orijino", aliridhia betri nzuri. Kijana alijua kuwa orijino kwa gari la mwaka 2011 maana yake ni betri ya miaka 12. Neno lilikuwa moja na maana mbili, na muuzaji alilichagua kwa sababu alijua mzee ataishika ipi.

Utauliza, je, muuzaji amfundishe kila mteja ufundi wa magari? Magari ya sasa yana kompyuta kila mahali, yana giaboksi zisizo na gia za kuhesabu, yana kamera na vihisio. Akianza kueleza yote, magharibi itamkuta na mteja wa kwanza. Hoja hii ina uzito. Lakini hakuna anayedai darasa. Kipimo ni jambo lile ambalo mnunuzi angelijua, angebadili uamuzi au bei. Kwa gari lile ilikuwa sentensi moja: "Mzee, betri hii ina miaka 12, inaweza kufa wakati wowote, na ikifa andaa zaidi ya milioni mbili." Na kama kijana ana shaka ipi aseme na ipi aache, ajiulize kama anayenunua ni baba yake mzazi, angemwambia nini kabla hajatoa fedha. Hicho ndicho cha kusema. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa imani ya mmoja wetu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe, na sijaona mahali alipoitoa yadi katika hukumu hiyo.

Tuje kwenye karatasi ya ada. Nilimbana kijana kuhusu zile 400,000 za "kodi na nyaraka". Alikiri kuwa sehemu kubwa ilikuwa ya ofisi. Hapa sioni utata. Ukitaka faida ya ziada, iongeze kwenye bei na uiite bei. Ukiipa jina la kodi, unamfunga mnunuzi mdomo, kwa kuwa anajua kodi haijadiliwi. Ushuru wa kuingiza gari ni mkubwa kweli: forodha 25%, ushuru wa bidhaa kwa kutazama injini na umri, na VAT 18% juu yake. Lakini si siri, TRA wanacho kikokotoo katika mtandao wao na yeyote anaweza kuingiza aina ya gari na mwaka akaona. Anayejificha nyuma ya jina la serikali anasema uongo wa wazi, na hapo kijana alikuwa na jibu la swali lake.

Sasa nije kwangu, maana katika kisa hiki waliokosea ni wawili. Suratul-Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inatuambia kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Kichwa changu nacho kitaulizwa kwa jinsi kilivyotikisika. Mzee hakumwamini muuzaji, aliniamini mimi. Nilikuwa shahidi wa jambo nisilolijua, kwa sababu ya kuogopa kuonekana mjinga mbele ya mwanafunzi. Shahada yangu ya masomo ya Kiislamu haikunifundisha betri, na hakukuwa na aibu yoyote kusema, "Hili silijui, tumwite fundi."

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kununua gari, uliza. Uliza bei ya jumla hadi funguo mkononi, na kila ada inakwenda kwa nani. Uliza karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye daraja la gari na alama za mikwaruzo na matengenezo, kwani magari mengi yaliyopitia mnadani huwa nayo. Kitu cha kuongezwa ambacho hukukiomba, una haki ya kukikataa. Nenda na fundi wako. Na weka sharti la kurudisha kwa siku kadhaa. Alikuwapo sahaba aliyekuwa akipunjwa sana sokoni, Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kusema wazi anaponunua kuwa hakuna kulaghaiana. Si vibaya sisi nasi kulisema, na kuliandika.

Na wewe uliye upande wa pili wa meza, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Angalia, yametajwa mambo mawili: kusema kweli, na kubainisha. Mwanafunzi wangu alikuwa na la kwanza nusu, na la pili hakuwa nalo.

Baada ya mazungumzo yetu, kijana alikwenda nyumbani kwa mzee na kamisheni yake yote aliyoipata kwa gari lile. Mwenye yadi alikataa kurudisha chochote. Mimi nilichangia nilichoweza, betri ikanunuliwa, vitambaa vikatolewa kwenye tundu. Nilipomuomba mzee msamaha alinisamehe, kisha akaniambia, "Mwanangu, siku ile ungeniambia tu kuwa hujui, nisingekushushia heshima hata kidogo."

Wallahu a'lam.