Ahadi ya Mchango

Daftari la mweka hazina wa kamati ya harusi huwa na safu mbili: taslimu na ahadi. Ya kwanza huhesabiwa, ya pili hutumainiwa. Hebu tujiulize: mtu aliyesimama mbele ya jamaa akatamka kiasi fulani, akapigiwa makofi, kisha siku zikapita asionekane, je, anadaiwa?

Methali yasema ahadi ni deni. Sheria haiendi mbali hivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, iliyoanza kutumika mwaka 1961 mahali pa ile ya India ya mwaka 1872, ilifuata kwa karibu mwendo wa hiyo iliyoitangulia. Zote mbili zataka hiari ya pande zote, watu wenye uwezo kisheria, lengo halali, na tena pawepo nipe nikupe: kila upande utoe kitu, ufanye jambo au ujizuie kulifanya kwa ajili ya mwenzake. Ahadi ya kutoa bure, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, ni batili.

Ukali huu una sababu yake. Binadamu akifurahi huahidi hata asichonacho, na kama kila neno la sherehe lingempeleka mtu mahakamani, nani angethubutu kuchangamka?

Hata hivyo mahakama zilikutana na swali letu zamani. Huko Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta, watu waliandikisha michango ya kujenga ukumbi wa mji. Mmoja aliahidi rupia 100. Wasimamizi, kwa kuitegemea orodha ile, wakafunga mkataba na mjenzi. Bwana yule hakulipa. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Calcutta iliamua kwamba anawajibika, kwani alijua fedha ni za ujenzi, na kwamba kwa neno lake wenzake watajifunga kwa mjenzi. Mwaka 1914 Mahakama Kuu ya Allahabad ilipata kesi ya ahadi ya rupia 500 za kukarabati msikiti. Hapo hakuna kilichokuwa kimefanyika kwa kuitegemea ahadi hiyo. Madai yakashindwa.

Kwa hukumu hizi, uzito wa ahadi haupimwi kinywani mwa aliyeitoa bali mgongoni mwa aliyeiegemea. Kwangu mimi hapo sheria imeona kitu ambacho methali imekipita haraka. Ubaya wa kuvunja ahadi ya mchango si ule uongo hasa. Ni mpishi aliyekwisha kununua mchele; ni mwenyekiti anayekopa usiku ili bwana harusi asiaibike. Aliyeishiwa akamwendea mweka hazina mapema na kusema "ndugu yangu, sina" ametenda vyema kuliko anayezima simu wiki ya harusi, ijapokuwa wote wawili hawakulipa.

Lakini siwezi kuifuata mahakama hadi mwisho wa njia. Aliyeahidi na kazi isianze, huenda hakumtia mtu hasara ya fedha. Pengine, hata hivyo, wenzake waliacha kutafuta mfadhili mwingine kwa kuwa jina lake limekwisha kuandikwa. Hasara ya namna hiyo hakimu haioni. Na wapo wajanja wanaolisoma somo hili la mikataba ili wajue tu ni ahadi zipi hazishtakiki, kana kwamba kimya cha sheria ni msamaha.

Sheria yenyewe haisemi hivyo. Tanzania Bara, deni la mkataba kwa kawaida hufungiwa mlango wa mahakama baada ya miaka 6. Ila mdaiwa akiandika na kutia sahihi kwamba atalilipa, ahadi hiyo mpya inamshika, ingawa hajapewa kitu kipya. Kama miaka 6 ingekuwa imelifuta deni kabisa, maandishi hayo yangekuwa zawadi tupu, nayo sheria isingeyajali. Kumbe deni lilikuwapo muda wote. Mdai ndiye aliyekuwa hana pa kulipeleka.