Mikono ya Isaka

Katika Mwanzo sura ya 27, Isaka ni mzee na macho yake hayaoni tena. Anataka kujua ni mwanawe yupi aliye mbele yake, Esau au Yakobo. Anampapasa mikono, kumbe mkewe Rebeka ameifunika kwa ngozi za wanambuzi. Anakula nyama. Ananusa nguo za Esau zilizovaliwa na Yakobo. Sikio peke yake ndilo lililomwambia kweli: sauti ile ni ya Yakobo. Mzee alilisikia, kisha akalipuuza.

Kisa hiki cha milango ya fahamu hunijia kumbikumbi wanapoanza kutoka. Wazazi wa Arua na Koboko wanaujua mchezo wenyewe: watoto hukaa kando ya kichuguu, wakagonga vijiti wadudu wadhani mvua inanyesha. Mtoto wa miaka minne pale anausikia mdundo, ananusa udongo uliolowa, anaona mbawa zikimetameta, anatekenywa kiganja na vijiguu vidogo. Jioni anawatafuna wamekaangwa kwa chumvi. Hakuna duka mjini linalouza kitu cha kuchezea kama hicho.

Sina neno na shule za chekechea wala vitabu vyake vya rangi. Lakini mtoto anayeshinda akiambiwa “toka jikoni, usiguse” atajifunzia wapi? Mama anapokaanga simsim, amkalishe mbali kidogo na moto, amwulize: zimeanza kulia? Harufu imebadilika? Mfunge macho kwa kitenge, umpe anuse dagaa wakavu, sabuni, embe bivu. Ashike unga wa muhogo, kisha wa mtama, aseme upi laini. Baba naye asikwepe. Mpeleke sokoni Koboko, mahali ambapo Kongo na Sudan Kusini zote zi karibu, umwulize yule mwuzaji anasema Kikakwa, Kinubi au Lingala. Hapo sikio linapata kazi yake, nasi tunapaswa kuliamini linapotujibu.

(Mkicheza kwa maharage mabichi, yahesabiwe kabla na baada ya mchezo. Watoto wana mapenzi ya ajabu ya kuyatia puani.)

Wiki hii, kabla ya kushukuru kwa chakula, sufuria ikiwa bado imefunikwa, mwacheni mdogo kuliko wote anuse na kutaja kilichomo. Akipatia, yeye ndiye aombe. Akikosea, aombe vilevile, halafu aonje wa kwanza.