Kabla ya Mgunda Mkali

Treni ya reli ya kati ikitoka Itigi kwenda Tabora hupita Goweko. Mashariki ya hapo ndipo palipotanda Mgunda Mkali, nyika ya miti na kiu iliyowatisha wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19. Humo hakuna aliyethubutu kutembea peke yake. Kirongozi, yaani kiongozi wa msafara, akitua, wote wanatua. Akiondoka, wote wanajitwisha.

Wengi huusifu msafara kwa umoja huo. Mimi nausifu zaidi kwa kuwa mpagazi wa kujiajiri alipatana ujira kabla ya kubeba mzigo, na walipofika mwisho wa safari, Bagamoyo, amri ya kirongozi ilikoma. Tena njiani waligoma, mara nyingi kwa sababu ya posho. Walitembea pamoja huku wakibishana.

Kijiji hakina Bagamoyo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa kijiji, walipoenea Unyamwezi na Usukuma, walirudisha usalama ambao polisi walikuwa wameshindwa kuutoa. Ng'ombe wakiibwa yowe hupigwa, na wanaume hutoka na pinde zao. Asiyetoka hutozwa faini. Akikaidi, hutengwa, na kutengwa na majirani unaolima nao ni adhabu nzito kuliko faini yoyote.

Faini naikubali. Yowe la jirani usiku halijadiliwi, na anayelala huku wenzake wakikimbizana na wezi anakula usalama asioulipia. Lakini nguvu hiyohiyo iliyomfuata mwizi iliwageukia pia vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Hapo kijiji kizima kinamhitaji mtu mmoja wa kusema hapana, naye ameshajifunza kunyamaza tangu alipoona mwenzake akitengwa kwa jambo dogo. Kijiji kina haki ya kudai miguu yangu linapopigwa yowe. Kauli yangu hakina haki nayo, wala dhamiri yangu.

Haya si mambo ya zamani tu. Katika vyama vya msingi vya tumbaku mkoani Tabora, wakulima wamezoea kudhaminiana mikopo ya pembejeo: mmoja akishindwa kulipa, wenzake hukatwa. Bila dhamana hiyo wengi wasingepata mbolea, kwa hiyo siiombei ife. Ila aliyemaliza deni lake kisha akakatwa kwa ajili ya mwingine, akisimama mkutanoni kuuliza ni nani aliyempitisha yule mkopaji, swali lake liandikwe kwenye muhtasari na lijibiwe kabla ya msimu mpya, bila yeye kuitwa msaliti.