Hana Alipobaki Nyumbani

Soma 1 Samweli 1:21-24. Elkana na jamaa yake walikwea kwenda Shilo kutoa dhabihu ya mwaka. Hana alibaki nyumbani akimnyonyesha Samweli. Je, alipuuza ibada? Mumewe hakuona hivyo. Alikubali abaki mpaka amwachishe mtoto ziwa.

Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto huhitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapewi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Mama anayelima, kuteka maji na kutafuta kuni peke yake atazipata wapi saa hizo? Uji wa mapema mara nyingi huanzia hapo, wala si katika ujinga wake, ingawa yeye ndiye hulaumiwa.

Katika darasa lenu, nani amejifungua karibuni? Nani anamtekea maji?